Mwiba wa Bibi Suzana

Kila jioni akitoka shule, Paskazia alichota maji, akawasha moto, akasonga ugali, kisha akangoja kusikia leo Bibi atamtania nani. Walikuwa wakiishi wawili tu Kirumba, mwaka ule wa 1961, kwa kuwa wazazi wa Paskazia walikuwa Nansio, kisiwani, na yeye alikuwa akisoma darasa la sita hapa mjini.

Bibi Suzana alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe, na aliyekatwa nao mara nyingi ni jirani yao, Mzee Shimba, Msukuma aliyepitisha maziwa nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Mzee Shimba akila samaki huchambua mnofu polepole kama anayetafuta chawa.

"Mtazameni mtu wa ng'ombe!" Bibi husema. "Sisi Wakerewe, mwiba hutuomba ruhusa kabla ya kupita."

"Haya, mtani," Mzee Shimba hujibu. "Iko siku utapita bila hodi."

Jumatatu moja mambo yakageuka. Bibi alionja ugali, akakunja uso. "Mgumu kama majabali ya huko mlimani! Nani kakufundisha kupika, fundi mwashi?" Akabeba sahani yake, akasema anakwenda kula nyuma ya nyumba kwenye upepo. Akarudi nayo tupu.

Jumanne vivyo hivyo. Paskazia alilia kimoyomoyo. Akachekecha unga upya, akasonga mpaka mikono ikamuuma. Bibi akasema, "Afadhali jana."

Jumatano, Paskazia akachungulia kwenye pembe ya ukuta. Kuku watano walikuwa wamemzunguka Bibi, kila mmoja na tonge lake, wamenona kama mabibi harusi. Bibi mwenyewe alikuwa anafuta mate kwa khanga.

"Bibi! Kumbe ugali wangu wanakula kuku!"

Bibi alishtuka, akashika shingo. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Jumapili nilikula samaki ningu huku nacheka. Mwiba ukakwama hapa. Nikameza matonge makubwa bila kutafuna ili yausukume. Ndiyo kwanza ukachimba."

"Twende hospitali!"

"Shimba asikie? Atanicheka mpaka bendera mpya ya uhuru ipandishwe! Ukimwambia mtu, wewe si mjukuu wangu tena."

Alhamisi asubuhi Bibi alijaribu maji. Yakarudi, mengine kupitia puani. Hata mate hayakupita, na mwili ulikuwa wa moto. Paskazia alisimama na kikombe mkononi, maneno ya jana yakimzunguka kichwani. Alimpenda Bibi kuliko mtu yeyote. Sasa itakuwaje Bibi akimkana?

Nje ikalia kengele ya baiskeli. Paskazia akaweka kikombe chini, akatoka mbio.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Bibi ana mwiba kooni tangu Jumapili. Amenikataza kusema, hasa kwako."

Paskazia alingoja kicheko. Hakikuja. Mzee Shimba alishusha madebe yote ya maziwa, akaingia ndani. "Mtani, panda baiskeli."

Bibi alimtupia Paskazia jicho ambalo lingekausha dagaa bila jua. Lakini alipanda. Kirumba nzima ilimwona Bibi Suzana amekaa kwenye karia ya baiskeli ya Mzee Shimba, Paskazia akikimbia nyuma na khanga ya Bibi mkononi.

Hospitalini, Daktari Antoni alimpulizia Bibi dawa ya ganzi, akaingiza mrija wenye taa, kisha koleo refu jembamba. Alipomaliza alionyesha mwiba mdogo, haufiki hata urefu wa kucha.

"Huu ndio uliokushinda?" Mzee Shimba aliuliza. Hapo sasa akacheka mpaka akafuta machozi.

"Usicheke sana, mzee," daktari alisema. "Tonge halitoi mwiba, huuzamisha. Koo lilikuwa limevimba na kuanza kutunga usaha. Angengoja siku mbili zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine." Akamgeukia Paskazia. "Kushindwa kumeza kuna sababu nyingi, binti. Wengine ni mafindofindo, wengine tezi ya shingo, wengine hawana meno na wanameza haraka. Wengine ni uvimbe unaokua kimyakimya. Kila sababu ina dawa yake, na mgonjwa hawezi kujitazama koo mwenyewe. Kwa hiyo mtu akisumbuka kumeza, aletwe hapa, hata akigoma. Umefanya vizuri kusema."

Bibi alilazwa siku nne kwa sindano na uji mwepesi. Siku zote hizo hakumsemesha Paskazia, na Paskazia alilala nyumbani kwa Mzee Shimba na moyo mzito.

Siku ya kurudi, Mzee Shimba alileta kibuyu cha maziwa. "Kunywa, mtani. Haya hayana mwiba."

"Na ng'ombe wako hawana pembe?" Bibi alijibu. Sauti ilikuwa imerudi yote.

Jioni Paskazia alisonga ugali laini, akauweka mbele ya Bibi pamoja na samaki, akasubiri. Bibi alimega tonge dogo, akalitafuna taratibu, akameza. Kuku walikuwa wamesimama mlangoni, wanangoja. Bibi akawafukuza.

"Ni laini," alisema. "Hata ule wa Jumatatu ulikuwa laini. Mimi ndimi niliyedanganya, nikakuliza bure kwa kuogopa kuchekwa na mtu wa maziwa." Akamvuta mjukuu wake karibu. "Siri inayomuumiza mtu usimtunzie, hata akikutisha. Hata akiwa mimi. Haya, kula. Na uchambue huyo samaki vizuri, kama Msukuma."