Tovuti ya Wagonjwa wa Macho

Asubuhi Mama alimimina chai. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikaishia mezani. Binti yake alifuta meza. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, na bila upasuaji angebaki gizani.

Binti alikuwa fundi wa tovuti. Ndiye aliyetengeneza tovuti ya kituo cha macho cha mtaani kwao, na aliringa nayo si kidogo. Daktari wa upasuaji angekuja wiki ijayo, lakini iwapo tu wagonjwa kumi wangejiandikisha kwenye tovuti hiyo. Zilibaki siku mbili za kujiandikisha. Majina yalikuwa manne, na la Mama halikuwemo.

"Mama, si ulisema umeshajiandikisha?"

"Nilijaza kila kitu, mwanangu. Labda nilikosea. Haya mambo yenu mimi siyawezi."

"Mbona ni rahisi? Lete simu nikujazie."

Jirani yao, mchora mabango, alikuwa amekuja kuazima ngazi. Alisimama mlangoni, rangi imemtapakaa hadi kwenye nyusi.

"Usimjazie," alisema. "Na wale wengine utawajazia? Mimi nikimaliza bango, namwomba mpita njia alisome kutoka ng'ambo ya barabara. Sisemi kitu, namtazama tu. Akikwama, kosa ni la bango. Mpe simu, dada, halafu ukae kimya. Ulimi ukikuwasha, ung'ate."

Binti alikasirika kidogo, lakini akatii.

Mama aliisogeza simu karibu iguse pua. Aliandika polepole. Mara tatu Binti alifungua mdomo, na mara tatu jirani alimkazia macho. Mwishowe Mama akaiweka simu mezani.

"Tayari."

"Na kitufe cha kutuma je?" Binti alishindwa kuvumilia.

"Kitufe gani? Mimi naona weupe tu."

Binti akachukua simu. Kitufe kilikuwepo, chini kabisa, kijivu hafifu juu ya weupe. Kiliandikwa "Kamilisha mchakato". Rangi ile aliichagua mwenyewe kwa sababu ilimpendeza. Aliona aibu. Alikuwa amewatengenezea wagonjwa wa macho tovuti inayotaka macho mazima.

Siku hiyo hiyo alikuza herufi na kuzifanya nyeusi. Maswali kumi na manne akayapunguza hadi matatu. Kitufe alikipa rangi ya bluu iliyokolea, akaandika "Tuma". Kisha akampa Mama simu na kukaa kimya.

Mama alibonyeza, akakunja uso. "Jina langu limekwenda wapi? Limepotea?"

Halikupotea. Lilikuwa limefika, ila ukurasa haukumwambia. Binti akaongeza maneno: "Tumepokea jina lako. Subiri tukupigie simu." Aliyaandika kwa herufi kubwa.

"Hapo sawa," Mama alisema. "Sasa nimejua kwamba nimemaliza."

Kufikia kesho yake jioni, majina yalikuwa kumi na moja. Hakuna aliyejaziwa na mtu. Daktari alikuja.

Bandeji ilipofunguliwa, Mama alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akamgusa nywele juu ya sikio.

"Kumbe na wewe umeota mvi," alisema. "Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa tatu, Mama."