Daftari la Waliotengwa

Jumamosi ile, jua likizama, nilitoka nyumbani kwenda kanisani kutafuta tarehe moja tu.

"Mchungaji, chakula kinaiva!" mke wangu alipaza sauti kutoka jikoni. "Ukizama kwenye makaratasi yako huibuki!"

Nikamwambia dakika tano.

Nilikuwa naandika historia ya kanisa letu, lililokuwa linatimiza miaka mia. Uchungaji nilikuwa nao, na usomi wa mambo ya kale pia. Watu hunitania kwamba hata shetani akinitokea, nitamuuliza kwanza alizaliwa mwaka gani. Sura ya nne ilimhusu babu yangu, mwinjilisti wa kwanza hapa, na mchawi aliyemshinda kwa maombi. Nilikuwa nimeandika kwa fahari: "Baada ya kuombewa, mchawi yule aliondoka mwenyewe, asionekane tena." Ilibaki tarehe.

Nikafungua kabati la chuma ofisini, nikatoa daftari la waliotengwa na kanisa. Taa ya ofisi ilikuwa imeungua, kwa hiyo nikalipeleka ndani ya kanisa, dirishani, penye mwanga uliosalia.

Ndipo nikasikia harufu.

Nyasi kavu zinazoungua… na kitu kingine. Kama nywele.

Benchi la mwisho, mwanamke alikuwa ameketi. Mtandio umemfunika uso. Nikadhani ana shida zake, amefuata maombi.

"Karibu, mama. Kuna tatizo?"

"Umefika wapi, mwanangu?" Alinong'ona, sauti ikikwaruza kama koo limekauka.

"Wapi, mama?"

"Kuandika."

Sura ile hakuna aliyekuwa ameisoma. Hata mke wangu.

"Umeandika kwamba niliondoka mwenyewe…"

Akatikisa kichwa.

"Sikuondoka."

Kukemea ndiyo kazi yangu. Nimeifanya miaka ishirini. Nikainua mkono, nikamwamuru kwa jina la Yesu atoke mahali pale.

"Amina," akasema.

Taratibu. Kama muumini yeyote.

Nikakaa.

"Hata babu yako alikemea," akanong'ona. "Kisha mlango ukafungwa kwa nje."

Nikainamia daftari, nikaupata mstari. Jina lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka. Pembeni, mwandiko wa babu: *Ametengwa. Uchawi.* Na chini yake, kwa wino mwingine: *Ameondoka.*

Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu. Sikusikia hatua wala mlango. Nyumbani, kabla sijasema neno, mke wangu aliniuliza nimepita wapi nanuka moshi hivi.

Kesho yake, baada ya ibada, nikaenda kwa shangazi, binti pekee wa babu aliyebaki hai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye mlango, kikombe kilimponyoka.

"Nani kakwambia habari ya mlango?"

"Yeye mwenyewe."

Akatazama chai ikitambaa sakafuni.

"Nilikuwa na miaka saba," akasema. "Surua ilikuwa imeua watoto wengi. Watu wakasema ni mkunga, maana ndiye aliyewashika wote wakizaliwa. Jioni ile baba alirudi, mama akaifua kanzu yake mara tatu. Harufu ya moshi haikutoka. Nani alifunga mlango wa nyumba ya mkunga kabla haijaungua sijui, na sikuwahi kuuliza. Ila mkunga yule ndiye aliyenipokea mimi nilipozaliwa."

"Kwa hiyo ndiye aliyenijia."

Shangazi akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Alikuja peke yake?"

"Peke yake. Kwa nini?"

"Kwa sababu jioni ile alikuwa kazini, mwanangu. Alikuwa anazalisha. Mle ndani hakuwa peke yake…"

Nikarudi nyumbani kwenye karatasi zangu.

Nilifuta sentensi yangu. Nikaandika upya sura nzima, babu yangu akiwa ndani yake, bila kumpaka mafuta. Mzee wa kanisa aliisoma akanijia mbio: "Mchungaji, unamvua babu yako nguo hadharani!" Nikamjibu kwamba nguo zenyewe zinanuka.

Siku ya maadhimisho nilipanda mimbarini mchana kweupe, kanisa limejaa, nikaisoma. Wengine waliinuka wakatoka. Nilipofika kwa mkunga, nikatulia nivute pumzi.

Nyuma kabisa, mtu akakohoa.

Kikohozi cha mtu aliyepaliwa na moshi. Kikafuatwa na kingine, chepesi zaidi. Kisha sauti ndogo… ndogo sana, kama ya kitu kinachojaribu kulia mara yake ya kwanza.

Kanisa zima liligeuka. Benchi la mwisho halikuwa na mtu.

Shangazi peke yake hakugeuka. Alikuwa benchi la mbele, mikono mapajani, machozi yakimtiririka, akinitazama mimi.

"Usiishie hapo, mwanangu," akasema. "Wanasikiliza."