Amesimama, Lakini Hajapona

Masunga ana ng'ombe wawili wa mkokoteni. Mmoja anaitwa Tajiri, mwingine anaitwa Dola. Watu wengi wa kijiji cha Ubaruku wanawajua, kwa sababu Masunga huongea nao njia nzima. Anawaamkia. Anawauliza kama wamelala salama. Mke wake, Roza, hutania kwamba ng'ombe wale wanapata salamu nyingi kuliko yeye.

Asubuhi moja ya mavuno, Roza alikuwa shambani na vibarua. Kombaini, ile mashine ya kuvunia mpunga, ilikuwa inavuna shamba la jirani. Zamu ya Masunga na Roza ilikuwa kesho yake, na wote wawili waliisubiri kwa hamu. Mpunga ukikaa sana baada ya kukauka, unapukutika, na ndege nao hawana huruma.

Masunga alikuwa anausogeza mkokoteni karibu na tuta. Ghafla akasimama. Akamtazama mke wake.

"Tajiri," alimwita, "lete... lete ile..."

Vibarua wakaangua kicheko.

"Mama Lusia, leo umekuwa ng'ombe!" alisema mmoja.

Roza naye alicheka, maana mume wake alikuwa mtu wa mizaha. Lakini Masunga hakucheka. Alifungua mdomo tena, na maneno yakatoka mazito, kama ya mtu aliyejaza uji wa moto mdomoni. Kamba ya ng'ombe ikamponyoka mkono wa kulia. Akainama kuiokota, vidole vikakataa kushika. Mwishowe akaketi chini, kwenye tope.

Roza alikimbia. Alipofika karibu alishtuka sana. Mdomo wa mume wake ulikuwa umeshuka upande wa kulia, na mate yalikuwa yanatoka.

"Baba Lusia! Una nini?"

Masunga alimtazama tu. Alionekana kuelewa swali, lakini jibu halikutoka.

Vibarua walimwita Nashoni, kaka yake Masunga. Nashoni alikuwa anachunga ng'ombe upande wa pili wa mfereji. Huyu ni mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Alikuja huku Usangu na baba yao kutoka Usukumani akiwa bado kijana mdogo, na ng'ombe wa ukoo mzima huletwa kwake wakiugua. Alikuja na kibuyu chake cha maziwa.

"Mnyanyue kichwa, shemeji. Anywe, apate nguvu."

Maziwa yalimwagika upande wa kulia wa mdomo. Mengine yakampalia Masunga, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Roza alisukuma kibuyu pembeni. Hakujua afanye nini. Alimshika tu mume wake mkono, akasali kimoyomoyo.

Kisha jambo la ajabu likatokea. Kabla kombaini haijamaliza hata jaruba moja la jirani, vidole vya Masunga vikaanza kucheza. Mdomo ukarudi taratibu mahali pake. Akapangusa mate, akawatazama watu.

"Mbona mmenizunguka kama kuna msiba?" aliuliza. Maneno yalitoka safi kabisa.

Akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Akaifuata kamba, akaiokota kwa mkono uleule wa kulia.

"Amesimama!" Nashoni alipiga makofi. "Shemeji, futa machozi. Ng'ombe akianguka, halafu akasimama mwenyewe na kula majani, huyo hachinjwi. Amepona huyo! Aende akale ugali."

Vibarua walishangilia. Roza alifurahi, tena sana. Lakini furaha ile haikutulia moyoni mwake. Ugonjwa gani huu unaokuja bila hodi na kuondoka bila kuaga? Malaria anaijua. Homa ya tumbo anaijua. Hizo zinakulaza, zinakukondesha, kisha zinaondoka polepole. Hiki kilikuwa kitu gani?

Jirani mmoja alimvuta kando. "Mama Lusia, mpunga wenu mwaka huu ni mzuri mno. Kuna watu hawapendi. Hilo ni jicho la mtu."

Nashoni alisema ni jua. Masunga mwenyewe alisema ni njaa tu, kwani alitoka nyumbani bila kunywa chai. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na kichwa cha Roza kikazidi kuchanganyikiwa.

"Twende zahanati," alimwambia mume wake.

"Niende zahanati nikaseme nini? Kwamba sijambo? Kesho kombaini inakuja, Mama Lusia. Tukiipoteza zamu, hatujui itarudi lini."

Roza alitembea mpaka mwisho wa tuta, mbali na watu. Akamkumbuka Violet. Violet ni nesi wa kituo cha afya. Wakati wa masika alikuja kijijini na watafiti wa ugonjwa wa kiharusi, wakawapima watu presha kwenye ghala la mpunga. Alikuwa amewapa watu namba yake ya simu. Roza akapiga.

Alieleza yote, tena kwa aibu kidogo. Alihisi anamsumbua mtu kwa ugonjwa ambao haupo tena.

"Mdomo ulienda upande mmoja?" aliuliza Violet.

"Ndiyo. Lakini umerudi."

"Mkono nao? Na maneno?"

"Vyote. Lakini vimerudi, dada. Sasa hivi anafunga mkokoteni."

"Usimwache afanye kazi. Usimpe kula wala kunywa. Usimpe kidonge chochote. Mtafutie gari, mimi nakuja."

Roza akabaki ameshika simu. Sasa alichanganyikiwa zaidi. Mtu asiyeumwa, anayesimama na kutania, atafutiwe gari la kumkimbiza hospitali?

Violet alifika kwa pikipiki. Alimkalisha Masunga juu ya gunia, akamfunga kifaa cha presha mkononi. Alipima mara mbili. Uso wake ukabadilika.

"Baba Lusia, presha iko juu sana. Vile vidonge nilivyokupa kule ghalani umevimaliza?"

Masunga alitazama chini. "Nimevitunza."

"Umevitunza?"

"Nilimeza vichache. Nikaona siumwi kichwa wala nini. Nikaviweka kwenye kopo juu ya kabati, vitanisaidia siku nikiugua."

Roza hakuamini masikio yake. Kopo hilo alikuwa analipangusa vumbi kila wiki! Alidhani ni dawa ya ng'ombe. Hasira zilimpanda, na huruma pia.

Nashoni alimtetea ndugu yake. "Nesi, hapo hana kosa. Dawa hapewi mzima. Hata mimi sindano simpigi ng'ombe ambaye haumwi. Na huyu ameshasimama."

Violet hakukasirika. Alimgeukia Nashoni kwa adabu.

"Baba, wewe ng'ombe wako unawaogesha kwenye josho la dawa ya kupe?"

"Swali gani hilo? Lazima."

"Unawaogesha wakiwa wameshaugua homa ya ndigana?"

"Ah! Ukingoja ndigana umechelewa. Unawaogesha wakiwa wazima, ili kupe wasi..."

Nashoni akajikuna kidevu.

"Kidonge cha presha ndilo josho la huyu ndugu yako," alisema Violet. "Presha haina maumivu. Unatembea nayo, unalima nayo, huku inaharibu mishipa ya damu ndani. Watafiti wamefuatilia watu wengi sana, katika nchi nyingi. Wameona kwamba presha ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi."

"Kiharusi?" Roza alishtuka. "Lakini kiharusi si kinalaza mtu? Mbona huyu anatembea?"

"Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, Mama Lusia. Damu ilizibwa kwenye mshipa wa kichwani. Sehemu ya ubongo ikakosa damu, mkono na maneno vikapotea. Kisha kile kilichoziba kikaachia, damu ikapita tena. Kwa hiyo akasimama. Lakini kilichosababisha bado kipo. Utafiti umeonyesha kwamba mtu akipata hali hii, kiharusi kikubwa kinaweza kumfuata upesi. Kinaweza kuja leo. Kinaweza kuja kesho, au wiki hii. Kikija hicho, huenda asisimame tena. Amesimama, ndiyo. Lakini hajapona."

Kombaini ilikuwa inanguruma kule kwa jirani.

"Kesho ni zamu yetu," alisema Masunga kwa sauti ndogo. "Tumalize kuvuna, keshokutwa nitakwenda. Naapa."

Roza aliutazama mpunga. Ulikuwa ni kazi ya msimu mzima. Alikuwa ameinama majini kuupandikiza, mgongo ukamuuma mpaka usiku. Kisha akamtazama mume wake. Aliogopa kukosa mpunga. Aliogopa zaidi kuitwa Tajiri kwa mara ya pili, na safari hii maneno yasirudi.

"Mpunga utapukutika," alisema. "Na upukutike. Panda gari, Baba Lusia."

"Mama Lusia..."

"Nimesema panda."

Nashoni akakohoa. "Nenda, mdogo wangu. Kombaini ikija nitakuwepo mimi. Isipokuja, mundu ninao."

Walipata gari la kubebea mpunga. Violet alikuwa ameshapiga simu, nao wakapokewa kituo cha afya na kupelekwa mpaka hospitali kubwa ya Mbeya. Huko walikutana na Daktari Anyitike, mama mwembamba mwenye sauti ya upole. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Ilianza saa ngapi?"

Roza alijibu. Akaona daktari anamwambia Masunga acheke, anyooshe mikono yote miwili mbele, na arudie sentensi fupi. Masunga alifanya yote. Halafu wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kupigwa picha ya kichwa.

Roza alimfuata daktari. Uvumilivu ulikuwa umemwisha.

"Daktari, mbona hamumpi dawa? Njiani tumeambiwa haraka, haraka. Tumefika, sasa mnampiga picha! Kama damu imeziba, si mzibue?"

"Mama, una haki ya kuuliza. Keti." Daktari aliketi naye kwenye benchi. "Kiharusi kiko cha namna mbili. Namna ya kwanza, mshipa wa kichwani unaziba. Namna ya pili, mshipa unapasuka, damu inavuja ndani ya ubongo. Kwa nje vinafanana. Mdomo unashuka, mkono unalegea, maneno yanapotea. Mimi kwa macho yangu haya siwezi kuvitenganisha."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Na dawa zake zinapingana. Aliyeziba mshipa tunampa dawa ya kuzuia damu isigande. Nikimpa dawa hiyo aliyepasuka mshipa, atavuja zaidi, anaweza kufa. Ile picha ndiyo inayoniambia kama damu imevuja. Ndiyo maana nesi alikukataza kumpa kidonge chochote."

"Na maziwa? Shemeji yangu alimpa maziwa, yakampalia."

"Koo nalo linaweza kulegea. Maziwa yakiingia kwenye mapafu, umemletea ugonjwa mwingine. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali, basi. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa katika saa chache za mwanzo tu, na si kila hospitali inayo. Anayeletwa keshokutwa, saa hizo zimeshampita."

Roza alivuta pumzi ndefu. Tangu asubuhi kichwa chake kilikuwa kama uzi uliosokotana. Sasa aliona mwanzo wa uzi ule.

Picha ikatoka. Hapakuwa na damu iliyovuja. Masunga akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu isigande, dawa ya mafuta ya kwenye damu, na dawa ya presha. Daktari alimwambia apunguze chumvi, aache sigara, na asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri.

"Na nikipona kabisa?" aliuliza Masunga.

"Ukijisikia umepona kabisa, ujue dawa inafanya kazi. Endelea kumeza."

Walipoachiwa kurudi Ubaruku, walikuta shamba limebaki mabua. Kombaini ilikuwa imeharibika kwa jirani na haikufika. Nashoni na vibarua walikuwa wamevuna kwa mundu, na mpunga mwingi ulikuwa umepukutika. Magunia yalikuwa machache kuliko walivyotarajia. Roza aliyatazama, akaumia moyoni. Kisha akamsikia Masunga uani, anawauliza Tajiri na Dola kama walikula vizuri alipokuwa hayupo. Maumivu yakapungua.

Nashoni alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa na habari yake.

"Shemeji, nimekwenda kwa nesi. Kanipima. Na mimi ninayo hiyo presha. Siumwi popote, lakini ninayo!" Alitoa vidonge mfukoni. "Nimeanza josho."

Lile kopo la Masunga halikai tena juu ya kabati. Liko mezani, karibu na chumvi ambayo siku hizi haiguswi sana. Kila jioni, kabla ya kula, Roza anauliza swali lilelile.

Jioni moja aliuliza kama kawaida. "Umemeza?"

"Nimemeza, Tajiri," alijibu Masunga.

Kijiko kikamponyoka Roza. Alimgeukia mume wake, akaona macho yanacheka. Ulikuwa utani.

Roza hakucheka. Alisogeza taa karibu na uso wa mume wake.

"Nyoosha mikono."

"Mama Lusia, nakutania tu."

"Nyoosha."

Masunga akainyoosha yote miwili. Ilikaa sawa, haikushuka hata mmoja.

"Sema jina langu."

"Roza binti Benjamini, mke wa Masunga, mkali kuliko daktari."

"Sasa cheka."

Masunga akacheka. Roza alimwangalia mdomo kwa makini, kulia na kushoto, mpaka alipohakikisha kwamba kicheko kimejaa pande zote mbili. Hapo ndipo naye alipocheka, akampakulia ugali.