Asilimia Sitini na Moja

Kwa Deodata, pale Kanazi, Ngara, hawajanunua mafuta ya taa tangu mwanawe Anold alipowafungia sola. Koroboi ya mwisho ilitupwa shimoni na hakuna aliyeisikitikia. Kwa hiyo alasiri ile binti yake Tecla alipoingia sebuleni akakuta mafuta ya taa yananuka kana kwamba mtu ameyamwaga sasa hivi, alichungulia chini ya viti, akaenda jikoni, akarudi, ndipo akatazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Mafuta ya ndege nayo hunuka hivyo hivyo, na ndege ya mdogo wake Anold ilikuwa imeanguka saa tisa na dakika kumi.

Nyinyi mnaodhani majini ni ya watu wa pwani, kaeni vizuri mnisikilize. Hili la Ngara halikuvaa kanzu wala halikuomba udi. Lilikaa ndani ya kishikwambi kibovu.

Tecla alikuwa karani katika kampuni ndogo ya ndege za mizigo huko Mwanza, na Anold alikuwa rubani msaidizi hapo hapo. Zamani marubani walibeba vitabu vya ndege kwenye mabegi mazito mpaka mabega yakapinda. Siku hizi vitabu vyote, pamoja na ramani za viwanja, vimo ndani ya vishikwambi viwili, kimoja cha nahodha na kingine cha msaidizi, na kila baada ya siku ishirini na nane huja kurasa mpya. Kazi ya Tecla ilikuwa kuhakikisha zimeingia kwenye vyote viwili, kisha kutia saini. Watu walimtania kwamba analipwa kwa kukalia kiti, naye alicheka pamoja nao.

Mchana wa siku ya ajali mtandao ulikuwa unasuasua. Kishikwambi cha nahodha kilishamaliza, lakini cha Anold kiligoma kwenye asilimia sitini na moja. Dawa za hospitali zilikuwa zimeshapakiwa, ndege inangojwa, na Anold kasimama mlangoni na kofia mkononi, anamchekea.

"Wewe saini tu, dada. Kitamaliza chenyewe njiani."

Angekuwa rubani mwingine, Tecla angemkatalia katakata. Huyu alikuwa mdogo wake, Tecla mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Akasaini.

Miongoni mwa kurasa ambazo hazikuingia, mmoja ulikuwa na mnara mpya wa simu, uliosimamishwa juu ya kilima karibu na kiwanja walichokuwa wanakwenda. Wanavyofanya marubani, nahodha akirusha, msaidizi ndiye anayemsomea. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na Anold akamsomea nahodha wake ramani isiyo na mnara. Hakupona mtu.

Wachunguzi walitoa kwenye kishikwambi cha Anold betri na sehemu yote ya ndani inayotunza kumbukumbu, wakasema vimeungua, havisomeki, wakaandika kwamba chanzo ni ukungu. Gamba lenyewe walimrudishia mama pamoja na saa na kofia. Tecla akaacha kazi, akarudi nyumbani kumtunza mama yake. Habari ya ile saini hakumwambia mtu, hata padri kitubioni.

Deodata alikitundika kishikwambi ukutani, chini ya picha ya mwanawe. Siku ya nane baada ya harufu ile kuanza, Tecla alimsikia mama yake akizungumza peke yake sebuleni, akadhani anasali. Akasogea mlangoni.

Sasa lazima niwaambie jambo moja. Anold alipokuwa masomoni, kila likizo alijifunzia hapo hapo sebuleni. Yeye hukaa upande wa kushoto, ndiye nahodha, na mama hukaa kwenye kigoda upande wa kulia, ndiye msaidizi, na huku mama anamenya ndizi. Mwana anauliza, mama anajibu. Milango? Imefungwa. Mafuta? Yanatosha. Kurasa? Zimekamilika. Walikuwa wakicheka mpaka chungu kinaungua.

Tecla alipochungulia, mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, upande wa kulia, uso umemchangamka. Ukutani, kishikwambi kisicho na betri kilikuwa kinawaka nyuma ya kioo chake kilichopasuka, na namba inasomeka: sitini na nane.

"Kurasa, mama?" Ilikuwa sauti ya Anold, ila iko chini, nzito, kama ya mtu mwenye udongo mdomoni.

"Zimekamilika, mwanangu."

Namba ikawa sitini na tisa.

Tangu hapo ikawa kila siku, saa ile ile, jibu moja namba moja. Deodata aliacha kula. Alisema amekula na mwanawe. Blauzi ikaanza kumpwaya, mifupa ya shingo ikatoka, na usipomjua ungesema mama huyu ana furaha ya ajabu. Tecla alikifungia kishikwambi sandukuni, na saa tisa sauti ikatoka sandukuni. Katekista akaja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka, na namba haikujali, ikapanda. Ilipofika tisini na tano, jirani yao Leonsia alimvuta Tecla pembeni akamwambia aache aibu, aende Biharamulo, kule Nyantakara, amlete mganga mmoja Msukuma anayeitwa Mashimba.

Mzee Mashimba alifika na bodaboda, kavaa gambuti, analalamikia mgongo. Tecla alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kumtazama. Alimkataa kuku aliyepewa, akaomba maji tu. Alinusa ukuta, akamtazama mama kwa muda mrefu, kisha akatoka nje hadi zizini na Tecla nyuma yake.

"Huyo si mdogo wako," alisema polepole. "Mdogo wako amelala kaburini, anapumzika. Hili ni jini. Limekuta uongo kwenye kitu hicho, likaingia. Kila mama yako akisema zimekamilika, analilisha. Likifika mia linamchukua."

Tecla aliuliza dawa ni nini.

"Mimi sina. Anayejua kwamba hazikukamilika ndiye aseme, na mama awe anasikia. Sikuulizi ni nani, binti yangu."

Mnadhani alisema siku ile? Hakusema. Mtoto aliyebaki kwa mama yake ni yeye tu, na ulimi ulikataa. Tisini na sita ikapita, na saba, na nane, naye anakaa jikoni ameziba masikio na kulia kimyakimya, maana akinyamaza anampoteza mama, na akisema anampoteza pia.

Siku ya mwisho mvua ilikuwa inanyesha na sebule ina giza, na Deodata hakuweza tena kukaa kigodani bila kuegemea ukuta, mkono wake baridi kama wa maiti mkononi mwa Tecla, na harufu ya mafuta ikajaa mpaka macho yanawasha, na namba tisini na tisa ikamulika uso wa mama ukaonekana fuvu tupu, na nyuma ya kioo kilichopasuka kitu kikasogea, kikakaribia, kikaweka paji la uso kwenye ufa kama mtu anayechungulia dirishani kutafuta mlango, kikauliza kwa sauti tamu kuliko siku zote, kurasa, mama, na mama akafungua mdomo.

"Hazikukamilika," Tecla akasema. "Ziliishia sitini na moja. Nilisaini mimi, mama. Nilijua, nikasaini."

Mwanga wa kishikwambi ulizimika. Katika giza lile sauti iliita "mama" mara moja tu, sauti nyepesi ya Anold mtoto, kisha harufu ikakatika. Ilibaki mvua kwenye bati.

Deodata alinyoosha mkono gizani, akakigusa kioo kilichopasuka.

"Lilikuwa jini, mama," Tecla akanong'ona.

"Nilijua si yeye," mama akajibu. "Nililitaka hivyo hivyo."

Mama alipona. Alianza na uji, baadaye ndizi, na msimu ulipofika akapanda maharage yake mwenyewe. Hakumgombeza Tecla, hakumfukuza, hakumsimulia mtu. Ila hamwiti tena mwanangu, wala Tecla. Kila siku ikifika saa tisa na dakika kumi huchukua bakuli la ndizi, hukaa upande wa kushoto, alikokuwa akikaa nahodha, na Tecla huja mwenyewe kukaa kwenye kigoda cha kulia.

"Kurasa?" mama huuliza.

"Hazikukamilika, mama."

Deodata hutikisa kichwa, huendelea kumenya. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya siku nzima. Akimaliza humpa Tecla bakuli apeleke jikoni, na Tecla akiinama kulipokea, mafuta ya taa hunuka kwenye pumzi ya mama yake.