Mtaro Uliokatwa Bila Kimya

Asubuhi, kabla ya kushika jembe, Emérita na mumewe Damascène walikuwa na desturi ya kukaa kwenye kizingiti cha jikoni na kunywa maziwa ya moto bila kusemezana. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ng'ombe wa jirani walianza kulia, na chini yao shamba la maharage la Emérita lilijitokeza taratibu, tuta kwa tuta. Vikombe vikiisha ndipo mmoja aliposema: leo tupalilie huku, au, yule mtoto wa kaka yangu tumwite tuongee naye. Wapita njia waliwacheka. Lakini nyumba ile haikuwa na ugomvi, na wengi wetu hapa kilimani Masisi tuliitamani.

Nawaambia haya, ndugu zangu, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema Damascène alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Mtu mbaya tungemkwepa mapema.

Shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya kanisa inayokutana nyumba kwa nyumba kila Jumatano alasiri, lilikuwa na desturi kama ile ya kizingitini. Tuliporudi kilimani baada ya kukimbia vita, hatukuweza kuongea bila kugombana. Huyu kasogeza mpaka, yule kala mbuzi wa mwenzake. Ndipo Mama Rosalie, kiongozi wetu wa wakati huo, alipoanzisha jambo. Mwenye nyumba anateleka sufuria ya maharage, Neno la Mungu linasomwa, halafu wote wananyamaza mpaka sufuria ichemke. Hakuna simu, hakuna kukohoa kwa makusudi. Ikichemka, anaanza kusema yule mwenye sauti ndogo kuliko wote, na kiongozi anasema wa mwisho. Mambo ya maji, ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ya nani ajengewe nyumba, yote yalipita hapo. Maharage yakiiva tunakula pamoja, na aliyekasirika anakula pia.

Magoti ya Mama Rosalie yalipomshinda, tulimchagua Damascène. "Njo muntu mwenye kujua kunyamaza," wanawake walimwambia Emérita, naye akatembea siku nzima akitabasamu peke yake.

Kisha ONG moja ya misaada ikamwita Goma kwenye semina ya viongozi. Alirudi na brevet, yaani cheti chenye muhuri, kofia, na filimbi shingoni. Tulimpokea kwa nyimbo na vigelegele. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulimsifu kupita kiasi.

Jumatano iliyofuata tulikuwa tumeinamisha vichwa, moto ndiyo kwanza umeshika kuni, Damascène akasimama.

"Batu ya shirika, hii kimya iko inatukulia wakati. Leadership njo action! Mwenye iko na point, anyooshe mukono. Tutapiga kura, tutaenda kazi."

Wengine walicheka kwa furaha, kwa maana si kila mtu anapenda kukaa kimya na nafsi yake. Emérita alitazama sufuria na kuona aibu, bila kujua anamwonea nani. Mama Rosalie alijifunga kitenge upya. Msinitajie ile methali ya haraka na baraka. Damascène aliijua vizuri, alikuwa ameiandika kwa chaki ukutani mwake!

Nyumbani nako mambo yaligeuka. Asubuhi alikaa kizingitini, ndiyo, lakini macho yalikuwa kwenye simu. Maziwa yake yalifanya utando juu. Binti yao Murekatete alimwagia mbwa zaidi ya mara moja, na baba hakugundua.

Sasa sikilizeni habari ya mtaro. Kila mkulima wa milima hii anajua kwamba mtaro wa kuzuia mmomonyoko hulazwa kwa ubavu wa kilima, ukapandwa matete ukingoni, ili maji yatembee polepole kama mgonjwa. Mtaro wetu ulikuwa hivyo tangu enzi za baba zetu. Ubaya wake ni kwamba ulichuruzika kidogo kwenye njia ya kupandia, na njia ikawa tope. Nao wageni wa ONG walikuwa wameahidi kuja kutazama kazi za kiongozi mpya. Damascène hakutaka wageni wakanyage tope. Akaamua tuufukie ule wa zamani, tukate mtaro mpya, wima, kutoka juu mpaka chini kando ya njia.

Mwisho wa mstari huo palikuwa na shamba la Emérita. Maharage yalikuwa yamefunga maganda. Muhogo wao wa juu ulikuwa bado mchanga, kwa hiyo chakula cha nyumba ile mpaka msimu mwingine kilikuwa pale, chote.

"Papa Murekatete," Emérita alimwambia kizingitini, "ule mutaro ukiupiga wima, maji yote itashukia mu shamba yangu."

"Leta hiyo point mu réunion," Damascène akajibu, kidole kikiendelea kusugua simu.

Fikirini! Mke analala naye kitanda kimoja, anaambiwa apeleke neno mkutanoni. Basi akalipeleka. Jumatano akanyoosha mkono.

"Mama Emérita, wakati iko kidogo," mumewe akasema mbele ya watu. "Tuanze na wenye kukubali. Mikono juu! Ni wengi. Imepita."

Mkono wa Emérita ulikuwa bado juu. Aliushusha mwenyewe, akajifanya anajikuna shingo.

Siku ya salongo alienda kusimama katikati ya mstari uliopigwa kamba, jembe begani. Damascène alimjia mbio.

"Uko unanipatisha haya mbele ya batu!"

"Mi sioni batu. Niko naona maji. Niulize hata kidogo tu: wee Emérita, unaona nini? Niulize!"

Damascène alimtazama, na kwa kitambo ilionekana kama angeuliza. Kisha akakumbuka wageni, akapuliza filimbi. Majembe yakaanza. Sikio la kufa halisikii dawa. Emérita akaondoka njiani, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuzuia salongo nzima, na mimi nikikumbuka mgongo wake siku ile hasira hunipanda mpaka leo.

Siku ya ziara, wageni walitarajiwa alasiri. Damascène alishuka barabarani kuwapokea, shati limepigwa pasi. Mvua ikatangulia kuja, ile ya milimani kwetu isiyobisha hodi. Emérita na Murekatete walisimama mlangoni mwa jikoni. Maji yalishuka kwenye mtaro mpya kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, yakatoka mwishoni kwa kishindo, yakaingia shambani. Yalichukua maharage, yakachukua na udongo mweusi uliokuwa chini ya maharage. Murekatete alitaka kukimbilia shambani na kikapu. Mama yake alimkamata mkono kwa nguvu mpaka kucha zikamwachia alama. Mvua ilipokatika, yalibaki mawe. Mto ulikwisha kubeba udongo wetu kuelekea Walikale.

Na wageni? Walituma ujumbe kwa simu: barabara mbaya, ziara imeahirishwa. Damascène alipanda kilima akiwa ameloa, akapita njia isiyo na tope hata kidogo, akasimama juu ya mawe yale. Emérita hakumlilia wala hakumtukana. Alimpita akaenda kutafuta kuni.

Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba yao. Tulikuja wote, hata Mama Rosalie alipanda na fimbo yake, akipumzika kila kona. Emérita aliteleka sufuria, akafunika. Neno likasomwa. Damascène akasimama, akasafisha koo.

"Wapendwa, mu kazi ya kiongozi kunakuwaka difficultés..."

"Ikala," Emérita akamwambia. "Sufuria haiyachemka."

Akakaa. Tukanyamaza, na kimya kile kilikuwa kizito, maana tulikuwa tumekisahau. Baada ya muda mfupi mno kifuniko kikaanza kutikisika. Kila mwanamke pale alijua kwamba maharage hayachemki upesi hivyo. Damascène naye akainua uso. Alisogea, akafunua.

Ndani mlikuwa na maji matupu.

Ikawa zamu ya mwenye sauti ndogo, na nyumbani mle ilikuwa ya Emérita. "Njo hiyo tutakula," akasema. "Mulikuwa wote siku nilinyoosha mukono. Mi sina ingine ya kuongeza."

Wengine walisema kidogo. Damascène alisema wa mwisho. Alivua filimbi akaiweka chini.

"Emérita aliniambia mbele ya yote," akasema. "Ku kizingiti. Miye nilikuwa naangaria simu."

Tuliufukia mtaro wake, tukaurudisha ule wa ubavuni, tukapanda matete upya. Kila nyumba ilimpa Emérita bakuli la mbegu, na kimya cha sufuria kimerudi. Damascène bado ni kiongozi wetu, na sasa anajua kungoja. Lakini udongo haupandi mlima. Shamba lile leo linaota magugu kati ya mawe, na asubuhi Damascène anakaa kizingitini na vikombe viwili. Kuna siku Emérita anakuja kukaa. Siku nyingi anachukua jembe na kupita.

FUNDISHO

Ndugu zangu, brevet inampa mtu cheo, lakini uongozi wa kweli unaiva ndani ya kimya, na unaiva mbele ya watu wanaokujua. Kiongozi asiyejua kunyamaza hataisikia sauti ndogo, na mara nyingi sauti ndogo ndiyo iliyoona maji. Na jumuiya inayopiga makofi upesi inachimba mtaro pamoja naye. Tusimwachie Damascène peke yake jembe hilo. Anayetaka kutuongoza, aanze kwenye kizingiti chake: amuulize aliyeketi naye anaona nini, kisha angoje jibu. Angoje hata kama maziwa yatapoa. Maziwa yanapashwa moto tena.