Wa Nje ya Ukuta

Kichimbuzi kilishusha mkono wake kaburini taratibu, kikapuliza mchanga kwa pumzi nyembamba ya hewa, na fuvu la mtu aliyekufa karibu miaka mia tatu iliyopita likatokea safi, meno yakiwa bado yamekaa mahali pake. Mashine yenyewe ilikuwa Kilvara, kijiji cha pwani ya magharibi ya Ayalandi. Waliokuwa wakiitazama walikuwa Morogoro, orofa ya juu ya Nyumba ya Nasaba, Milima ya Uluguru ikionekana dirishani. Picha haikuwa kwenye kioo. Ilisimama katikati ya chumba, udongo na yote, kiasi kwamba Bibi Nuala alivuta miguu yake nyuma asije akakanyaga mfupa wa mtu.

"Usiogope, bibi," alisema Mhandisi Semeni Mkude. "Ni mwanga tu."

"Najua ni mwanga, mwanangu. Ila marehemu ni marehemu."

"Dada yangu huyu anaiamkia hata redio," alisema Kolm, kaka yake, akacheka peke yake.

Kolm na Nuala walikuwa wazee waliobaki wa ukoo wa O'Loden. Mababu zao waliletwa Morogoro na kazi ya kuchimba visima, wakapazoea, wakaoa na kuolewa papo hapo, na safari ya kurudi ikawa kila mwaka inasogezwa mbele mpaka hakuna aliyeitaja tena. Sasa wazee hawa walikuwa watu wa Morogoro kwa kila kitu. Kutoka Ayalandi walikuwa wamebakiwa na majina yao, sala ya kuombea chakula, na hadithi moja.

Hadithi hiyo Kolm aliijua kama anavyoijua njia ya kwenda chooni. Zamani, ugonjwa uliingia kwenye viazi mviringo vya Ayalandi, na mafukara wa huko walikuwa hawana kingine cha kula. Viazi vilioza ardhini. Mabwana wenye mashamba waliendelea kusafirisha nafaka na ng'ombe nje ya nchi, huku watu milioni nzima wakifa na wengine wengi wakikimbilia ng'ambo. Katikati ya njaa hiyo wakaja wahubiri waliofungua shule na kuweka masufuria ya supu mlangoni. Mtoto aliyekubali kuiacha dini ya wazazi wake alipewa bakuli. Martin O'Loden alikataa. Alikufa barabarani, tumbo tupu, na binti yake mdogo Brigid akapona kwa neema ya Mungu, akawa mama wa ukoo wote.

"Sisi hatukunywa supu," ndivyo ilivyoisha kila mara, kwenye harusi na kwenye misiba. Kolm aliichukulia kwa uzito huo hata Morogoro. Asubuhi wenzake wakiagiza supu ya utumbo na chapati, yeye aliagiza chai.

Sasa bahari ilikuwa imepanda na inayala makaburi ya Kilvara. Wakuu wa huko walikuwa wakiihamishia mifupa kilimani, kwa sharti moja: kila marehemu adaiwe, yaani atajwe kuwa wao, na mzee wa ukoo wake kwa sauti yake mwenyewe. Asiyedaiwa anabaki. Martin na Brigid walikuwa wamekwisha kudaiwa na kuhamishwa asubuhi hiyo. Huyu aliyekuwa mbele yao sasa alizikwa nje ya ukuta wa makaburi, walikozikwa wanywa supu, na mashine ilikuwa imewaita wazee hawa kwa sababu vinasaba vya mifupa hiyo viligusa vya kwao. Maji yalikuwa yanarudi. Kabla ya jua kuzama huko, sehemu ile ingekuwa ya samaki.

"Hatuna mtu nje ya ukuta," Kolm alisema. "Mashine imekosea."

"Tuisubiri isome, babu," alisema Semeni.

Nyaraka za sensa za zamani za Ayalandi ziliteketea kwa sehemu kubwa, nyingine katika moto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana wataalamu walijifunza kuuliza meno. Ndani ya kichimbuzi kulikuwa na kisomajino. Jino la mtoto hukua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hushika alama ya kile alichokuwa akila wakati huo. Mtu akishakuwa mkubwa mifupa yake hubadilika, lakini jino halibadiliki. Kisomajino hupitisha uzi wa mwanga kwenye gego, kisha huchora mstari: hapa maziwa, hapa viazi, hapa njaa.

Mstari ukaanza kuchoreka hewani. Semeni aliufuata kwa kidole.

"Alikufa mtu mzima, lakini hapa ana miaka kama tisa. Anakula viazi na maziwa. Hapa viazi vinakwisha. Hapa..." Akasogeza kidole. "Hapa mwili unajila wenyewe. Mtu mwenye njaa kali hula nyama yake kwa ndani, na jino linaandika." Kisha uso ukamkunjuka. Alikuwa hajawahi kuisikia hadithi ya kina O'Loden, na kwao Matombo mgonjwa akipata supu watu hushukuru. "Tazameni! Mahindi! Kabla ya hapo hakuna mahindi kabisa, halafu yanaingia ghafla. Hawakuwa wakilima mahindi wale, yaliletwa kwa meli na kutiwa kwenye supu ya wenye njaa. Babu, habari njema. Alikunywa supu!"

Kolm alisimama, akachukua kofia yake mezani.

"Nimesema nini?" Semeni aliuliza.

"Umemtukania ukoo, mwanangu, lakini hukujua," alisema Nuala. Akamweleza kwa kifupi, naye Semeni akajishika mdomo.

"Samahani sana, babu."

"Huna kosa. Sisi tumekwisha kuelewa. Mwache alipo." Kolm alikuwa amefika mlangoni.

"Kaka, hebu kaa chini. Hujaambiwa ni nani."

"Nimeshaambiwa alikunywa. Inatosha."

"Na wewe umekula mahindi miaka themanini, Kolm. Ugali wa dona, uji, mahindi ya kuchoma. Umebadili dini?"

Kolm alitaka kukasirika akakosa njia. Hakukaa, lakini hakutoka.

Semeni aliuweka mstari mwingine chini ya ule wa kwanza. "Huu ni wa Brigid. Tuliusoma asubuhi kuthibitisha kwamba ni yeye. Mashine inasema hawa wawili ni mtu na kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Brigid alikuwa mdogo kwake."

"Brigid hakuwa na kaka," alisema Kolm.

"Alikuwa naye, babu. Na angalieni hapa." Sauti yake ilikuwa ya uangalifu sasa, ya mtu aliyekwisha kujikwaa mara moja. "Na yeye ana mahindi. Msimu uleule. Ya kaka yakipanda, ya Brigid yanapanda. Ya kaka yakikatika, ya Brigid yanakatika."

Nuala aliinamia ile mistari mpaka paji la uso likaingia ndani ya mwanga. "Kwa hiyo Brigid naye alikwenda kwenye shule ile?"

"Hilo jino haliwezi kusema. Linajua kilicholiwa, halijui kilitoka mkononi mwa nani. Serikali nayo iligawa mahindi, siwezi kuwaficha. Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua. Ingetarajiwa mwenye kwenda kula shuleni ndiye ashibe kwanza. Hapa ni kinyume. Brigid anapata nafuu mapema, mwili wake unaacha kujila. Kaka mtu anaendelea kujila mwenyewe muda mrefu baada ya mahindi kuanza. Chakula kilikuwa kinampitia tu."

Nuala alikuwa wa kwanza kuelewa, na alilia bila kujificha, mikono ikiwa magotini.

"Alikuwa anambebea," alisema. "Mtoto wa miaka tisa. Baba amekataa, baba amekufa na heshima yake, na huyu akaenda kuvishwa dini ya watu ili mdogo wake ale. Kolm, sisi ni wa Brigid. Kila mmoja wetu. Tumekula chakula cha huyu mtoto, halafu tukamtupa nje ya ukuta."

"Sisi hatukumtupa. Walimtupa wao."

"Na hadithi nani anaisimulia?"

Kolm alirudi akaketi, si kwenye kiti chake bali kile kilichokuwa karibu na kaburi. Alikuwa ameisimulia hadithi ile kwa watoto wake, na kwa wajukuu wakiwa wamepanga miguu kwenye mkeka, na mara zote aliwaona wakinyoosha migongo ilipofika mwisho. Alikuwa akipenda sana kuiona ile migongo. Ilikuwa fahari yake, na hakuwa na nyingine kubwa kama hiyo. Aliogopa, na woga huo ulionekana usoni.

"Nikimdai huyu," alisema, "nitawaambia nini?"

"Waambie ilivyokuwa," alisema Nuala.

"Baba yetu alikufa akiamini."

"Baba yetu angekuwa hai ungempigia simu sasa hivi, naye angekutukana na kukuambia ukaitoe mifupa ya watu majini."

Hapo Kolm alicheka, kidogo, bila kutaka. Pembeni mwa picha povu la maji lilikuwa limeanza kuingia kwenye udongo uliochimbwa. Kichimbuzi kiliinua mguu mmoja, kikausogeza juu zaidi.

"Babu," alisema Semeni, "maji."

"Jina lake nani?"

"Hatujui. Vinasaba havina jina. Majina hukaa kwa watu, na waliolijua hawakulipokeza kwa mtu."

Kolm aliitikia kwa kichwa. La Martin walikuwa wamelitunza vizazi vyote hivyo, wamelirithisha, watoto wanne wa Morogoro walikuwa wakiitwa hivyo wakati ule ule. Alimtazama dada yake, kisha akaitazama mashine.

"Haya. Namdai."

Mashine ilijibu kwa sauti yake ya upole isiyo na haraka: "Dai limepokelewa. Uhusiano: ndugu wa pembeni. Mzee wa ukoo athibitishe kwa sauti."

"Wa nini?"

"Ni lugha ya mashine tu, babu," alisema Semeni. "Maana yake si mzazi wenu wa moja kwa moja. Amekaa ubavuni mwa mti wa ukoo. Sema tu 'nathibitisha'."

"Sithibitishi. Pembeni amekaa vya kutosha." Kolm alimgeukia. "Wewe ni Mluguru. Kaka yake mama yako unamwitaje?"

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni kaka yake mama. Ndiye aliyemlipia Semeni shule. Bila yeye kukaa mbele, Semeni asingeweza kuolewa.

"Mjomba," alisema.

"Basi andika hivyo. Watoto wa Brigid walikuwa na mjomba."

Semeni aliandika. Mashine ilikubali, kisha ikauliza jina la marehemu, kwa ajili ya jiwe la kilimani. Maji yalikuwa yamegusa kingo za kaburi. Kolm alimshika Nuala mkono.

"Na hapo kwenye jina," alisema, "andika Mjomba."