Kura Moja ya Tolman Ridge

Seneta Alden Frye alikutwa kifudifudi kwenye sakafu ya nyumba yake ndogo ya ziwani, ndara moja mguuni, nyingine chini ya jiko la kuni. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya kahawa, kimoja hakijaguswa.

"Kazi ya mtu wa kukodiwa, afande," alisema Sajini Pratt, aliyeletwa kutoka Portland akiwa na viatu vya mjini. "Katumwa, kamaliza, kaondoka."

Inspekta Odile Cyr alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko. Makaa yalikuwa yamefunikwa majivu vizuri, mlango wa jiko umekazwa, tundu la hewa limefungwa.

"Mtu wa kukodiwa hafuniki moto," alisema. "Huku kaskazini ya jimbo la Maine mtoto hufundishwa hilo kabla ya sala. Hutoki ukaacha jiko wazi. Huyu aliua mtu, kisha akahofia nyumba isiungue."

Pratt alitazama maiti, akatazama jiko, akafunga koti.

Daktari wa polisi alisema Frye alikufa Jumapili mchana, na ndani ya jeraha alikuta vipande vya gome la mti wa mbetula. Silaha ilikuwa gogo la kuni, na gogo lenyewe lilikwisha kuwa majivu. Alama za vidole zilikuwa tele. Wenyeji wote walikuwa wameshawahi kunywa kahawa pale, zamani, kabla ya mambo kuharibika.

Na yaliharibika vibaya. Frye alikuwa mtu wa katikati, wa kupatana na huku na kule, Mrepublican tangu ujana. Masika yale akahamia kwa Wademokrati, akisema chama ndicho kilichomhama yeye. Uchaguzi wa Seneti ukaja, yeye na mpinzani wake Kimball, wa chama chake cha zamani, wakakabana koo jimbo zima, hata ikabidi kura zihesabiwe upya Augusta, makao makuu ya jimbo. Sasa mgombea mmoja amekufa, na kila chama kinapiga kelele kwenye televisheni kwamba chama kingine kimeua.

"Nipe jina kabla hawajamaliza kuhesabu," mkuu wake alimwambia Cyr kwenye simu. "Nje ya ofisi yangu kuna watu wenye mabango, na ng'ambo ya barabara kuna wenye bunduki. Wamebakiza kusukumana tu."

Kijijini kwenyewe, Tolman Ridge, hapakuwa na kelele. Karatasi ya matokeo ilikuwa bado imebandikwa mlangoni pa ukumbi wa kijiji. Kimball: kura zote, isipokuwa moja. Frye: moja.

Siku ilipobandikwa, watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Maskini, kajipigia mwenyewe!" Halafu wakamgeukia Merle Doucette, fundi wa magari, rafiki wa Frye tangu utoto, mtu pekee kijijini aliyethubutu kuweka bango la Frye, gerejini kwake. "Hee, Merle! Bango unalo, kura huna! Hata wewe ulimtosa?"

Njia ya ziwani ni moja, na inapita chini ya dirisha la mjane Thelma Grass.

"Kaa, mwanangu, unywe kahawa," alisema Bi Thelma. "Mimi televisheni niliuza. Dirisha hili lina habari zaidi."

"Jumapili mchana alipita nani?"

"Merle. Kwenda, akaniinulia kidole kutoka kwenye usukani, kama tunavyosalimiana sote huku. Kurudi, nikampungia. Wapi! Macho mbele, mikono imeng'ang'ania usukani."

"Labda hakukuona."

"Mwanangu, Merle humsalimu hata mbwa wangu. Siku anamzika mkewe, nyuma ya jeneza, aliniinulia kidole."

Cyr alikunywa kahawa. "Na Seneta, alikuwa akisalimu?"

"Alden? Kila siku." Bi Thelma aligeuza uso. "Sisi ndio tulioacha kumjibu. Mimi pia. Usiku nimelala naiona ile gari yake inapita, na kidole juu."

Njiani kwenda gereji, mabango ya Frye, yaliyosimikwa na chama chake kipya, yalikuwa bado yamesimama kwenye theluji, karibu kila nguzo: picha yake, tabasamu, mkono wa kulia umeinuliwa. Pratt, aliyekuwa akiendesha, alianza kuyakwepa kwa macho.

Merle alikuwa ameinama kwenye injini.

"Jumapili ulikuwa wapi, mzee Merle?"

"Hapa."

"Bi Thelma amekuona."

"Thelma haoni hata kijiko chake."

"Ulimsalimu ukienda. Ukirudi, hukumsalimu."

Spana ilitua juu ya injini polepole. Merle alifuta mikono, kidole baada ya kidole.

"Una haki ya kunyamaza," Cyr alisema. "Una haki ya wakili."

"Nimenyamaza tangu Jumapili, binti Cyr. Inatosha. Baba yako nilimtengenezea trekta, sitakudanganya."

"Kura yako ulimpa nani?"

Fundi aliinua macho kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. "Wewe ni wa kwanza kuniuliza bila kucheka."

"Nijibu."

"Alden. Ile moja ni yangu. Walinipasulia matairi, wateja wakakimbia, shemeji yangu akahama benchi kanisani. Nikavumilia. Karatasi ilipobandikwa nikasema, kama moja ni yangu, yake iko wapi? Wameiba! Nikaenda kumwambia: inuka, Alden, twende Augusta tukaape. Kura yako imeibwa kijijini kwako."

"Akasemaje?"

"Akatazama kikombe. Akasema, 'Kaa, Merle. Hakuna aliyeiba. Nilisimama pale na kalamu, mkono ukaenda wenyewe kule ulikozoea. Nilimpigia Kimball.'" Merle aliisogeza spana. "Kisha akacheka. Akasema, 'Kumbe moja ni yako? Pole sana, ndugu yangu.' Akanigeuzia mgongo aongeze kahawa. Mimi nilikuwa nachochea moto. Gogo lilikuwa mkononi. Ningemsamehe kumpigia Kimball, ningemsamehe kucheka. Ile pole, binti Cyr. Ile pole."

Pratt alitoa pingu.

"Na Bi Thelma?" aliuliza Cyr. "Kwa nini hukuinua kidole?"

"Hukuyaona mabango? Njia nzima yupo, ameinua mkono. Ningeinua wangu, ningekuwa namjibu."

Kura zilipomalizika kuhesabiwa, marehemu alikuwa ameshinda, kwa unywele. Gavana akateua mtu mwingine, vyama vikaendelea kutukanana, na Merle akafungwa maisha.

Lakini nenda leo Tolman Ridge, uketi mkahawani uagize pai, utaje jina la Frye. Mwenye mkahawa atainama sikioni pako: "Ile kura moja ilikuwa yangu." Mchungaji atakuambia ilikuwa yake. Shemeji wa Merle anaapa kwa Biblia kuwa ni yake.

Bango moja halijang'olewa, lile la kona ya ziwani. Jua limefuta uso wote, umebaki mkono. Na kila dereva anayepita, hata aliyemtukana Frye, mzee wa watu, mbele za watoto wake, huinua kidole kutoka kwenye usukani, upesi, kisha huongeza mwendo.